Ufa wa Chumba cha Kona

Mgeni rasmi, Mhandisi Mkuu, karibu sana. Mwenyekiti wetu, majirani, na ninyi watoto mnaoning'inia kwenye ngazi, hebu tulieni, mgeni atatuonaje?

MAKARIBISHO

Sisi wapangaji wa jengo hili tumefurahi mno kukuona. Wengine walibisha hadi jana kwamba hutakuja. Leo wamenywea.

HISTORIA

Wengi wetu ni mafundi plasta na rangi, isipokuwa mshonaji wa chumba cha kona, tunayemwita Mama Cherehani. Ukutani kwake ulianza ufa. Alipoona unaingia kidole, akatuita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, basi tukauziba. Tukapiga plasta, tukapaka rangi, kazi safi.

Kesho yake akafika mtaalamu tuliyekuwa tumemwomba kitambo. Kofia ngumu, viatu vizito, maneno yanatiririka. Akautazama ukuta, akasema, "Salama kabisa!" Tukampigia makofi. Hakuna aliyemwambia kwamba tumepaka jana. Mgeni akija, nyumba si lazima ipendeze?

MAFANIKIO

Ufa ulirudi, na hapo ndipo tulipoanza kuuliza maswali. Mtaalamu wa pili alikuwa dada mmoja mpole. Alikuna kichwa, kisha akabandika kipande cha kioo juu ya ufa, saruji huku na huku.

"Ukuta ukisogea, kioo kitavunjika," alisema. "Kwa sasa sijui."

"Hujui? Kwani hukusoma, mwanangu?" Mama Cherehani alimuuliza.

"Nimesoma, mama. Ndiyo maana nangoja."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mama Cherehani peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kutunga uzi, anakitazama kioo na kujiuliza: kwa nini nilimwamini yule wa kwanza? Ni kofia? Ni sauti? Au alisema tu nilichotaka kusikia? Nasi ametuambukiza. Siku hizi hata muuza dawa ya mende tunamuuliza, "Umejuaje?" Maskini, hapiti tena mtaa huu.

CHANGAMOTO

Kioo kimevunjika. Nusu yetu wanasema ukuta umesogea. Nusu wanasema ni mpira wa watoto. Watoto wanaapa si wao, na watoto hawa, mgeni rasmi, tunawafahamu. Shemeji yake Mama Cherehani anamwambia, "Hama leo, roho haina spea!" Lakini wateja wake wote wako hapa, na kuhama ni kuanza upya. Anaogopa kubaki, anaogopa kuondoka.

MAOMBI

Hatuombi rangi, rangi tunayo. Tunaomba uinuke hapo meza kuu, uende chumba cha kona. Safari hii hatujapaka kitu, na vumbi utatusamehe. Tazama, gonga, pima, kisha utueleze umejuaje, polepole, tukufuate. Kama hujui, sema hujui. Hatutacheka.

Mkokoteni wa shemeji uko mlangoni na cherehani imeshapakiwa. Neno lako ndilo litakaloishusha au kuiondoa. Ila kabla hujalisema, Mama Cherehani ana swali moja: wewe ungemlaza mwanao humo?

Mungu akujalie jicho la kuona na ulimi wa kweli, akurudishe kwako salama.

Ni sisi wapangaji wa jengo hili. Risala imesomwa na Mama Cherehani mwenyewe, naye bado amesimama, anasubiri jibu.