Kinyozi Aliyemwonea Wivu Mnyonya Damu

Hivi mjukuu wangu, umewahi kumwona mwanamume mzima akimwonea wivu mnyonya damu wa kwenye tamthilia? Jana kwenye treni nilikaa nyuma ya mmoja, kinyozi, nywele za wateja bado zimemganda kwenye kola. Alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyekaa naye kiti kimoja.

"Dada, lile jitu limemaliza kijiji kizima. Juzi limejuta, mke wangu kalia mpaka leso ikalowa, anasema, 'Maskini, kajuta.' Mimi sikwenda kumzika baba yake, mara moja tu, na mwaka wa nane huu ananinunia."

Mara moja tu, kana kwamba mtu huzikwa mara mbili.

"Uliomba msamaha?" muuguzi alimuuliza.

"Nilimnunulia viatu."

"Mwenzio alipiga magoti, kaka. Hata mimi naitazama hiyo tamthilia. Alilitaja kosa lake lote, hakujitetea."

"Yeye kaandikiwa maneno."

Muuguzi alicheka, akafunga mkoba wake. Treni ilikuwa inapunguza mwendo. Kinyozi alianza kujitoa zile nywele kolani, mmoja mmoja.

"Nataka siku moja tu aniangalie vile," alisema, "aseme, 'Maskini, kajuta.'"

Treni ikasimama.