Mama Yetu Zumari, Aliyeimba kwa Mnong'ono

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Kilio chake cha kwanza kiliwatoa majirani nje wakidhani kuna msiba. "Huyu si mtoto, ni zumari," alisema bibi yake, na jina likamganda.

Alianza shule mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969. Hesabu haikumpenda, naye hakuibembeleza. Lakini kengele ya shule ilipoibwa, mwalimu mkuu hakununua nyingine. Zumari alisimama barazani, akaita mara moja, na uwanja mzima ukaingia darasani.

Mwaka 1971 aliajiriwa hospitalini, kupokea simu na kuziunganisha. Waliopiga wakiwa na hofu walitulia walipomsikia. Mmoja wao alikuwa fundi wa majokofu aliyekuwa akiulizia hali ya mama yake. Mama yake alipopona, fundi hakuacha kupiga.

"Kaka, mgonjwa wako tulishamruhusu," Zumari alimwambia.

"Najua, dada. Sasa mgonjwa ni mimi."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu. Kila Jumapili Zumari aliongoza kwaya, na baba alikaa kiti cha mbele akijifanya hajivuni.

Mwaka 1989 koo lilianza kumkwaruza. Tarehe 6 Juni 1990 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya koo uliookoa maisha yake, ila sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono. Kazi ya simu ikaota mbawa, akahamishiwa chumba cha kufulia, kukunja mashuka. Mashine zilinguruma kutwa. Mwanamke mmoja aliyemkuta huko alimwinamia sikioni akapaza sauti: "Karibu, dada. Humu sote mabubu." Zumari alicheka hadi akalazimika kukaa juu ya rundo la mashuka. Hakuwa amecheka tangu upasuaji.

Miaka ile ilikuwa mizito, naye hakuificha. Kwaya aliiacha. Mchungaji alipomtembelea, alimwambia, "Nimemkasirikia Mungu, mchungaji. Lakini sihami."

Wifi yake, kwa mapenzi tu, alimpeleka kwa mhubiri aliyevuma kwa uponyaji. Mbele ya umati, mhubiri akamtaka aungame dhambi iliyomfanya Mungu amfunge koo. Zumari alitikisa kichwa, akashuka jukwaani, akashika njia. Wifi alimkimbilia.

"Si ungesema lolote tu, upone?"

"Wifi yangu, siwezi kumsingizia Mungu ili nipate sauti."

Kwa hilo aliitwa mkaidi, na baadhi ya ndugu wakamkalia mbali kwa muda mrefu. Majirani nao waliona haya kumwita Zumari. Akawaambia waendelee, jina si la koo.

Jumapili iliyofuata baada ya kumkimbia mhubiri, alivaa joho lake, akasimama na wanakwaya. Kiongozi mpya alipigwa na butwaa.

"Mama, utafanya nini hapo?"

"Nitaimba. Anayeimbiwa atasikia."

Alisimama pale kwa zaidi ya miaka thelathini, midomo ikifuata kila neno. Wageni katika kwaya walijifunza mahali pa kuvuta pumzi kwa kumtazama yeye.

Nyumbani, baba alizoea kuinamisha sikio kila mama alipofungua kinywa, hadi wapita njia wakadhani wawili hawa wana siri nyingi. Baba alifariki mwaka 2011. Baada ya hapo mama alinong'ona kidogo zaidi, na kusali kirefu zaidi.

Januari 2023 ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni. Siku chache kabla ya kututoka, kitindamimba wake, aliyekuwa akimlisha uji, alimuuliza, "Mama, hujawahi kumuuliza Mungu kwa nini?"

"Namuuliza kila siku, mwanangu. Hajanijibu." Akameza kijiko kimoja cha uji. "Ila ninyi nyote, hata baba yenu, mmekuwa mkiniambia, sema tena. Yeye hajawahi kuniambia hivyo."

Alifariki Jumapili, tarehe 21 Mei 2023, saa mbili asubuhi, watoto wake wote wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha watoto watatu, wakwe, wajukuu sita, kitukuu mmoja, wifi yake, wenzake wa chumba cha kufulia, na kwaya ambayo leo ina nafasi wazi katika safu ya pili.

Mungu uliyemsikia, mpumzishe kwa amani mama yetu.