Lenzi Ndefu ya Fleshi

Kijiwe cha kahawa cha Itigi kiko nyuma ya stesheni, na wazee wa pale hawajui kitu ila hawajawahi kukubali. Jumatatu hiyo ya mwaka 2006 Zefania, mpiga picha waliyemwita Fleshi, alikaa katikati yao na simu mkononi, roho juu. Paroko mpya alikuwa amewapiga marufuku wapiga picha kuvuka benchi la mwisho, na Jumamosi binti wa mteja wake Peniel anaolewa. Fleshi akishindwa kumvuta bibi harusi kwa kamera kutoka mlangoni, ataletwa mpiga picha wa Manyoni, mji wa jirani, na wateja watahamia huko huko.

Binamu yake Fleshi alikuwa Kariakoo akisubiri jibu. Kwa kamera ya dijitali ya Fleshi zilikuwapo lenzi mbili, bei moja: mpya ndefu, nyembamba, inayovuta hadi milimita mia tatu, na ya mtumba, nene, inayoishia mia mbili, ambayo muuzaji aliisifia kwamba inapokea mwanga mwingi.

— Chukua ndefu, alisema Profesa, aliyerudia darasa la saba mara mbili. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Methali ilimpinga mwenyewe, lakini nani angejali?

— Mia tatu ni mita hizo, alisema Injinia, fundi baiskeli. Unahesabu kope za padri.

— Kope kitu gani? akadakia Mazengo, mrina asali. Ukiielekeza mzingani unaona asali ndani, nyuki hana habari.

— Na ile nene? aliuliza Fleshi.

— Kitambi hakioni mbali, Profesa akahukumu.

Fleshi alijua wanaropoka, ila aliogopa zaidi kuonekana mshamba. Akapiga simu, akaagiza ndefu.

Akapita mama Damari, mfagizi wa kanisa aliyewazidi wote umri. Wakampa shikamoo, kisha wakamtambia lenzi.

— Sawa, wanangu. Ila jana paroko katangaza, hata taa za kamera hazitaki. Na mle ndani mimi nafagia mchana kwa kibatari. Hiyo ndefu inaona gizani?

Profesa akatazama kikombe. Injinia akakumbuka pancha ya mtu. Mazengo akaomba kahawa nyingine, akaambiwa imekwisha. Fleshi akapiga tena Kariakoo.

— Nimeshalipa, kaka, usihofu, alisema binamu. Ile nene kaichukua jamaa mmoja wa Manyoni. Eti kasikia paroko wenu kakataza fleshi.