Shamba la Bondeni Haliuzwi

Sogeeni wanangu, mkae karibu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kupaza sauti. Nimewasikia sebuleni mkinong'ona kwamba shamba la bondeni limekufa, kwamba kila mnyanya ukishatoa maua unanyauka ungali kijani, basi liuzwe. Nani kawaambia limekufa? Udongo ule ni mgonjwa. Na mimi ni mgonjwa, mbona hamjaniuza?

Cheka tu, mwanangu Wakili, lakini sikiliza. Dada yenu alichukua miche ya nyanya chungu, ambayo mizizi yake haibabaishwi na ugonjwa ule, akaikata kwa wembe, akaivika vichwa vya nyanya zetu, akaibana kwa vibanio na kuifunika nailoni kivulini mpaka vidonda vikashikana. Mkamcheka, mkambandika jina la daktari wa mboga. Kisha wewe, kifungua mimba wangu, kwa mapenzi yako yote na jembe lako, ukaipandishia miche udongo hadi shingoni kama tulivyozoea, ukafukia pale ilipounganishwa. Nyanya za juu zikaota mizizi yake zenyewe, zikanywa udongo uleule mgonjwa, zikanyauka, nanyi mkautangazia ukoo mzima kwamba kazi ya binti ni uongo. Hoja gani hiyo? Mbona mistari ambayo jembe lako halikuifikia imezaa mpaka matawi yanalala? Nyanya mlizokula mchana mlidhani zimetoka wapi?

Basi shikeni neno langu. Shamba la bondeni haliuzwi. Namwachia dada yenu, pamoja na kibanda cha miche, na mtu asiniletee habari za eti ameolewa, ataipeleka ardhi kwa watu. Ardhi haifungwi kwenye sanduku. Nyinyi wawili chukueni shamba la juu, nalo limeshaanza kunyauka, kwa hiyo mtamwendea kwa adabu awafundishe. Nawe binti yangu, usiwalipizie. Wafundishe mpaka mikono yao mizito iache kuvunja miche.

Nipeni maji... Yatosha.

Nisipoamka kesho, mtu akainyunyizie maji kwanza miche iliyo chini ya nailoni, ndipo mje kunililia. Mimi sitanyauka zaidi ya hapa. Mungu awape... awape mkae pamoja, mzae, mshibe...

Nani kasema? Wewe, kifungua mimba? Utakwenda wewe?

Muulize dada yako... maji kiasi gani.

Haya. Muulize sasa, nisikie.