Tuko Himaya ya Ngapi?

Pale kona, mbele ya karakana ya kutengeneza mafriji, kuna benchi ambalo enzi zake lilikuwa kiti cha nyuma cha gari. Springi zimechoka, ila wanaolikalia hawachoki. Hapo ndipo mafundi wa karakana hunywa kahawa ya mchana na kubishania Himaya, lile gemu la kompyuta la wafalme na vita ambalo limeshatoka mara tano, na kila mtu huapa kwamba toleo lake ndilo gemu, mengine takataka. Aliyewaambukiza ugonjwa huo ni Mzee mwenyewe, mwenye karakana, aliyeweka kompyuta kuukuu ofisini wacheze naye kazi zikiwa chache. Sasa Mzee alikuwa amelazwa hospitali wiki ya pili, baada ya kuanguka na bisibisi mkononi. Asubuhi hiyo binti yake, ambaye walimjua kwa picha ya ukutani tu, alituma ujumbe kwenye simu ya Gesi, yule fundi wa kujaza gesi: “Nitapita leo mchana. Msiondoke.” Gesi aliusoma mpaka macho yakamuuma.

— Msiondoke! alisema Jenerali, dereva wa pikapu ya karakana. Hiyo ni Himaya ya Tatu tupu. Mfalme akiugua, mrithi anawaita wakuu wote ikulu. Wanaingia kwa mlango, wanatoka kwa dirisha.

— Unachanganya na ya Nne, alisema Dada Rangi, ambaye hupuliza rangi friji bovu mpaka mwenyewe asilitambue. Ya Tatu mrithi anaonya kwanza.

— Na huo ujumbe si onyo?

Gesi alitamani wanyamaze, na papo hapo akaogopa wasije wakanyamaza kweli. Cheti hana. Mzee alimchukua akiwa mbeba mizigo, akamfundisha kazi kwa kumshika mkono, wala hakumdai karatasi hata siku moja. Karakana nyingine zote, kabla hujajibiwa salamu, unaulizwa cheti. Mkewe alikuwa anajifungua mwezi ujao. Basi aliogopa, na hakuna neno la kulipamba hilo.

— Mimi nasema tuko Himaya ya Kwanza, alisema. Mfalme hafi. Anaugua, anapona, watu wanaendelea kuvuna ngano.

— Ya Kwanza ya kitoto, kaka, alisema Jenerali. Walioitengeneza walisahau kumuua mfalme.

— Heri walivyosahau.

— Tuseme ukweli, ya Pili ndiyo gemu, alisema Dada Rangi. Mfalme akifa na mrithi yuko mbali, wakuu wanagawana nchi. Tatizo huyu wetu hayuko mbali. Yuko njiani.

— Na kalelewa ugenini, huko kwa mama yake mkubwa, alidakia Jenerali. Hapo ndipo penye Himaya ya Nne! Mrithi wa ugenini haji peke yake. Anakuja na mafundi wake, na dereva wake, mpaka mpishi. Leo anatoka mmoja, kesho mwingine. Ndiyo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

— Jenerali, kibaba kimeingiaje hapo?

— Kibaba ndiyo sisi, tukiwa nje ya geti.

Kwa kawaida wangecheka. Dada Rangi alitazama kona ya barabara, akajimiminia kahawa ambayo hakuwa na haja nayo.

— Ya Tano mrithi hafukuzi mtu, alisema taratibu. Ya Tano anauza. Mkoa mzima, na watu wake ndani. Unalala raia wa huyu, unaamka raia wa yule.

— Auze kwa nani? aliuliza Gesi.

— Nitajuaje mimi? Labda hapa patakuwa duka la simu.

— Nyie hamjaimaliza ya Tano, alisema Jenerali, na sauti ikashuka. Mwisho kabisa inajulikana kwamba aliyemtilia mfalme sumu ni huyohuyo mrithi.

— Mzee alianguka kwa presha!

— Presha inatoka wapi, Gesi?

— Funga bakuli lako, alisema Dada Rangi.

Jenerali akafunga, lakini hofu ilikuwa imeshapata pa kukaa. Gesi aliona aibu kuisikiliza, na aliisikiliza. Jumapili walikuwa wamepatana waende wote kumwona Mzee. Jenerali alisema tusubiri kidogo, mwenda pole hajikwai, nao wakakubali haraka mno. Gesi alijua kwa nini alikubali: aliogopa kukikuta kitanda kitupu.

— Lakini mimi nimeshajihami, alisema Jenerali. Ufunguo wa pikapu uko ndani ya soksi. Himaya ya Pili, mwenye farasi ndiye mwenye mji.

— Toa huo ufunguo, mtu mzima wewe! alisema Dada Rangi.

Hakuwahi kuutoa. Msichana wa kwenye ile picha alikuwa ameshakata kona, anakuja kwa miguu, peke yake, na hotipoti mkononi. Wote watatu walisimama, Jenerali kwa mguu mmoja na nusu.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu kama darasa.

Hawakutegemea shikamoo. Macho yake yalikuwa mekundu, na kanga aliyojitanda ilikuwa imekunjamana kwa kulaliwa kwenye kiti.

— Nyinyi ndio mnaoshinda na baba?

— Ndiyo, mwanangu, alisema Dada Rangi. Miaka yote.

— Nashukuru hamkuondoka. Nilitaka niwakute wote pamoja.

Gesi alishaanza kupanga maneno kuhusu cheti. Msichana akafungua hotipoti, wakaona chakula hakijaguswa.

— Baba hali kitu. Kila ninachompelekea anakirudisha. Daktari anasema hawezi kumfanyia operesheni akiwa dhaifu hivi, na operesheni haisubiri. Aliyejua chakula chake ni mama, na mama hatuko naye tena. Nikaona niwaulize nyinyi. Baba anapenda kula nini?

Dada Rangi alimtazama Gesi.

— Anapenda wapanda farasi, alisema Gesi. Anawaficha nyuma ya kilima, halafu...

Akajisikia anachosema, akakoma. Msichana alimsubiri, kwa utulivu wa mtu anayeamini jibu linakuja. Walijua kwamba Mzee hachomi mji hata akishinda, kwamba huanza kwa kujenga ghala, kwamba ya Tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Lakini kila mchana aliingia ofisini na mfuko wake wa chakula, akafunga mlango, nao wakabaki benchini na kahawa. Hakuna aliyewahi kumgongea.

— Chai je? alisema Dada Rangi, na ilikuwa kama anaomba.

— Chai tumejaribu.

Gesi alisahau habari ya cheti. Hofu iliyomshika sasa ilikuwa ya Mzee mwenyewe.

Msichana aliketi katikati ya benchi, akaifunika hotipoti na kuipakata.

— Fikirini tu taratibu, alisema. Mimi nangoja mkumbuke.

Nao wakasimama pale wakijifanya wanakumbuka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hawajui.