Cleopa Danieli, Aliyewaandikia Marehemu Wetu

Ndugu waombolezaji, poleni na msiba, poleni na jua, na ninyi mliokaa tangu saa nne mkinong'ona kwamba jeneza lipo, mchungaji yupo, mbona historia ya marehemu haisomwi, sababu ni mimi, nitaieleza ikifika mahali pake. Naitwa Bibiana Danieli, dada mkubwa wa marehemu, nimesoma mpaka darasa la nne, miwani hii nimeazima, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Ndugu yetu Cleopa Danieli Madole alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 kule Masanze, wilaya ya Kilosa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Masanze kuanzia 1969 hadi 1975, akaenda sekondari Morogoro mpaka kidato cha nne mwaka 1979, na barua zake mama alizilalia chini ya mto, ananiita nimsomee, mimi nikifika pagumu natunga, na mama hakuwahi kujua.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa karani wa mizani ya miwa Kidodi, na tarehe 12 Oktoba 1985 alifunga ndoa na Generoza, huyu hapa mbele, aliyekuwa na wachumba wawili wengine, siwataji kwa sababu mmoja yupo hapa na amekuja na mkewe. Walijaliwa watoto watatu, Yeremia, Lightness na Anitha. Mwaka 1998 makarani walipunguzwa, akahamia hapa Mikumi, akawa anauza mchele na maharage, na mwaka uliofuata akaandika historia ya jirani aliyefariki, watu wakalia mpaka wapishi wakaacha masufuria, na kuanzia siku hiyo hakutoka tena kwenye kazi hiyo.

Ukifika kwake asubuhi unamkuta mtu mlangoni, "Shikamoo mzee, tumepatwa, tunaomba utuandikie," naye anafunga duka, anakwenda kuuliza marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aligombana na nani, na mara nyingine alipanda basi kwa nauli yake mpaka Dumila kumtafuta shangazi mmoja anayekumbuka mwaka. Mpishi alilipwa, mwenye turubai alilipwa, mwenye spika alilipwa hata umeme ulipokatika, ila Cleopa alipewa sahani ya wali na kuambiwa Mungu atamlipa, maana ni aibu kudai kwenye nyumba yenye msiba, na hakuna historia inayosomwa kwenye harusi.

Mwaka 2009 alikataa mara moja tu, alikuwa na malaria na duka lilikuwa tupu. Wakasema anaringa. Tarehe 22 Agosti mwaka huo huo mama yetu akafariki, na waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wanne, wawili kati yao shemeji zetu, Cleopa mwenyewe akashika jembe. Hakukataa tena. Nilimwambia, "Cleopa, wamekufunga kamba," akanijibu, "Dada, na nani atakayekuzika wewe?"

Nakala zote alizitunza kwenye madaftari saba makubwa. Mwaka 2017 alikuja bwana mmoja wa mradi, mwenye viatu vya kung'aa, akasema wafadhili wanataka kuhifadhi maisha ya wazee wa Kilosa, akayaazima madaftari, akamsainisha karatasi ya Kiingereza. Cleopa alisaini kwa sababu bwana yule alimwita mwandishi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Kitabu kilitoka kina jina la bwana yule na picha yake, Cleopa yuko ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya wazee waliotoa taarifa, kati ya mwenye nyumba ya wageni na dereva. Alipolalamika alioneshwa saini yake.

Tarehe 9 Januari 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, nikafikiri sasa watamwacha, kumbe wapi, walikuja vile vile, yeye akawa anasema kitandani na Anitha anaandika, amekaa kwenye kiti cha pembeni. Tarehe 11 Septemba 2024, saa mbili asubuhi, alifariki hospitalini, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Anitha asikae kwenye kile kiti."

Sasa nieleze kuchelewa. Jana kamati ilimpelekea Vaileth wa steshenari kazi ya kuandika historia hii, wakamlipa papo hapo, ndiyo, msibani. Leo asubuhi nimeisoma, nikakuta marehemu ameacha mume na alikuwa fundi mzuri wa kusuka mikeka. Vaileth aliinakili kutoka kwenye kile kitabu, ni historia ya bibi mmoja wa Dumila, maneno ya Cleopa mwenyewe, Vaileth alisahau tu kubadilisha. Nikaandika hii kwa mkono, kisha nikakataa kuisoma mpaka nilipwe kama Vaileth. Mwenyekiti Hezekia akasema, "Bibi, jamani, huu ni msiba!" Nikamwambia, "Ndiyo, na ni wa kwangu, sasa nani ataniambia nione aibu?" Akaingiza mkono mfukoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliomgeuza kitandani, wafanyakazi wenzake wa mizani waliotoka Kidodi, na wachimbaji wa leo, nimewahesabu, ni ishirini na sita, Cleopa aliwalipa ninyi nyote kabla hamjaja.

Na wewe wa kofia nyekundu, nimekuona ukimwinamia Anitha wakati tunaimba, ukimwambia kwenu mnazika kesho. Poleni. Anitha akitaka kuandika ataandika, lakini kwa malipo, na jina lake litasomwa mwishoni mbele ya watu, na mkimsusia siku ya kunizika mimi, nizikwe na wanne, mama alizikwa na wanne na amelala vizuri tu.

Historia hii imeandikwa na Bibiana Danieli, na imelipwa, hela hii hapa kwenye pindo la kanga.

Pumzika kwa amani, mwandishi.