Mgeni Rasmi Aliyepangiwa Zamu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, msaidizi wetu wa darasa la kwanza, ambaye watoto na hata wazazi wao humwita Shangazi, alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Mei. Mimi ndiye mwalimu wa darasa hilo. Nimeombwa niandike bila uchungu, nitajitahidi.

Kwa mujibu wa uongozi, Shangazi alikuwa "anasaidia tu". Mimi nilifundisha irabu ubaoni. Yeye alisaidia tu kufunga kamba za viatu, kupangusa makamasi, kumbembeleza anayemlilia mama yake na kumtoa mwenzake chini ya meza, huku amemshika mkono yule binti asiyeweza kuandika bila kushikwa. Mkaguzi alipokuja, alimsifu mwalimu mkuu kwa utulivu wa darasa. Mkuu akazipokea sifa kwa mikono miwili.

Muda wa kustaafu ulipokaribia, niliomba atafutwe mwingine. Mkuu akanijibu kwamba kazi yenyewe ni ndogo, nitazoea. Watoto sitini! Jamani, usingizi ulipaa.

Kamati ya sherehe nayo ikakaa, ikapanga keki, maua na hotuba zisizo na idadi. Likabaki swali moja: walimu wote wakiwa ukumbini, nani atabaki na darasa la kwanza? Kamati haikuumiza kichwa. Ikampangia Shangazi.

Basi siku ya siku tukamsifu weee, kiti chake kikiwa kitupu mbele yetu. Hotuba zilikuwa zimekolea ndipo mtu akashtuka kwamba zawadi haina wa kuipokea. Mkuu, kwa ukarimu wake, akasema atawashika watoto yeye mwenyewe, dakika mbili tatu tu, mgeni rasmi aje akate keki.

Shangazi akaja, akakata keki, akacheza kidogo, akaketi, akala polepole. Hakuna aliyemharakisha. Kelele za darasani zilikuwa zimeshakizidi kipaza sauti.

Mkuu aliporudi, tai yake ilikuwa imelowa na darasa zima lilikuwa limemfuata. Watoto wakampita, wakaenda kumrukia Shangazi. Kabla hata hajakaa, Mkuu akatangaza kwamba nafasi hiyo itajazwa Jumatatu, tena na watu wawili.

Shangazi, asante sana. Lala hadi jua lipande, hakuna wa kukuuliza. Tunakutakia maisha mema, sisi watatu tutakaofanya kazi yako.